Ramani za mvua zinabanana, video inakonda: tatizo si laptopu yako

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma uzamili hapa Mbeya, utafiti wangu ni wa mvua za Nyanda za Juu Kusini. Nina ramani 12, moja kwa kila mwezi, nazichora kwa Python na maktaba yake ya kuchora, Matplotlib. Maandishi yanapandiana, na ramani ya Desemba imekuwa nyembamba kuliko nyingine zote kwa sababu ya ule ufito wa rangi pembeni. Nikiukuza mchoro hadi inchi 16 kwa 12 unapendeza kwenye skrini, nikiuweka kwenye Word hausomeki. Msimamizi wangu anataka pia video ya miezi ikifuatana, ya kuonyesha siku ya utetezi. Kwenye video, kila mwezi unapobadilika ramani inazidi kukonda, mwisho inabaki kama kamba. Mara nyingine faili linatoka jeupe tupu. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Rafiki yangu anasema ninunue nyingine au nihamie MATLAB. Nimebakiza wiki tano."*

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na jambo la kwanza nakuomba usinunue kitu. Pesa hiyo itakufaa kwenye kuchapa na kujalidi.

Nianze na hiyo RAM, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Tuseme kila ramani yako ina gridi ya visanduku 120 kwa 80. Kila kisanduku kina namba moja, na namba moja hukaa kwenye baiti 8. Miezi yote 12 kwa pamoja haifiki hata megabaiti moja. Picha moja ya simu yako huenda ni nzito kuliko data nzima ya utafiti wako. Kama laptopu inakwama, kuna kitu msimbo wako unakirundika bila wewe kujua, na nitakuonyesha ni kipi. Ukinunua mashine yenye GB 16 mrundikano utakuwa uleule, utachelewa tu kuuona.

Sasa kwa nini maandishi yanapandiana. Ndani ya Matplotlib kuna vipimo vya aina mbili ambavyo havisikilizani. Visanduku vya ramani hupangwa kwa sehemu ya karatasi. Usipoiambia chochote, programu huanza kisanduku kwenye 0.125 ya upana kutoka kushoto, hukiishia 0.9, na kwenda juu huanzia 0.11 hadi 0.88. Kati ya ramani na ramani huacha pengo la 0.2 ya upana wa ramani moja. Hizo zote ni sehemu: karatasi ikipungua, nazo zinapungua. Maandishi hayafuati utaratibu huo. Hupimwa kwa pointi, na pointi moja ni 1/72 ya inchi, karatasi iwe kubwa au ndogo. Herufi ya pointi 10 itabaki na ukubwa wake hata ukiichora kwenye kipande cha karatasi kama kiganja. Kwa hiyo ukibana ramani 12 kwenye karatasi ndogo, visanduku vinasinyaa na herufi hazisinyai, ndipo "Latitudo" ya ramani moja inalalia ramani ya jirani. Programu haijakosea. Imetii vipimo viwili ulivyoiachia bila kuamua kipi kimfuate mwenzake.

Ulichofanya wewe, na karibu kila mwanafunzi ninayekaa naye hufanya hivyohivyo, ni kukuza karatasi hadi inchi 16 ili visanduku vipate nafasi. Kwenye skrini inaonekana umeshinda. Lakini pima karatasi yako ya tasnifu. A4 ina upana wa sentimita 21. Kama chuo chako kinataka sentimita 4 kushoto kwa ajili ya jalada na 2.5 kulia, unabakiwa na sentimita 14.5, yaani inchi 5.7. Word ikipokea mchoro wa inchi 16 inaukunja mpaka uingie kwenye 5.7, na safari hii inakunja kila kitu, pamoja na maandishi. Herufi ya pointi 10 inakuwa pointi 3.6. Hakuna mtahini atakayesoma pointi 3.6. Nimewahi kumwona mzee mmoja kwenye kikao cha utetezi akisogea na karatasi hadi dirishani, akaisogeza mbali, akaileta karibu, kisha akaiweka chini na kuuliza swali la sura nyingine kabisa. Kazi ya mwaka mzima ya kijana yule ilipitwa hivyo.

Kwa hiyo anza na rula. Pima upana halisi utakaochapwa, uandike upana huo kwenye `figsize`, yaani ukubwa wa mchoro kwa inchi, na usiubadilishe tena. Ukishafanya hivyo, pointi 9 unayoiona kwenye msimbo ndiyo pointi 9 itakayotoka kwenye printa. Na ukiingiza picha kwenye Word, usiivute pembeni kwa kipanya hata kidogo.

Baada ya hapo ndipo unaiachia programu ipange nafasi. Naona kwenye msimbo ulionitumia umeita amri za kupanga nafasi: `tight_layout`, kisha `subplots_adjust`, kisha `tight_layout` tena. `tight_layout` hupima mara moja tu, pale ulipoiita. Ukiongeza kichwa au ufito wa rangi baadaye, hesabu yake imeshapitwa. Na ufito mmoja unaohudumia ramani nyingi huwa unaisumbua hata ukiupanga mapema. Tumia `layout="constrained"`. Hii huuliza kila kipande cha mchoro, kichwa, namba za mhimili, ufito wa rangi, kinahitaji inchi ngapi, ndipo inagawa kilichobaki kwa ramani. Na hurudia hesabu kila mchoro unapochorwa upya. Ukiitumia hii, futa yale mengine yote. Ukiita `subplots_adjust` juu yake utapewa onyo na amri yako haitatekelezwa.

Desemba imekonda kwa sababu umeandika `plt.colorbar()` mwishoni mwa mzunguko bila kusema nafasi itoke wapi. Ufito wa rangi haupewi nafasi ya bure, unakata kutoka kwenye ramani. Usipotaja ramani zipi, unakata kwenye ile ya mwisho peke yake. Ziambie ramani zote zichangie kwa `ax=axs`.

Kabla sijakuandikia msimbo kuna jambo la mpangilio ambalo hukuliuliza, na kwangu lina uzito kuliko herufi. Umepanga ramani kuanzia Januari. Kwetu huku msimu wa mvua ni mmoja, unaanza Novemba hivi na kwenda hadi Aprili. Ukianza Januari unaukata msimu vipande viwili: kichwa kinakwenda chini kulia, kiwiliwili kinabaki juu kushoto. Anza Novemba, na badala ya safu tatu za ramani nne weka safu nne za ramani tatu, kwa kuwa karatasi yako imesimama. Tazama kinachotokea. Safu ya kwanza ni Novemba, Desemba, Januari. Ya pili Februari, Machi, Aprili. Ya tatu Mei, Juni, Julai. Ya nne Agosti, Septemba, Oktoba. Nusu ya juu ya ukurasa ni mvua, nusu ya chini ni kiangazi, na ile Mei inayobaki na unyevu upande wa Tukuyu na Kyela inaonekana yenyewe, imesimama peke yake kwenye ukingo wa ukame. Hapo mpangilio umeanza kusema hoja yako kabla hujaandika sentensi.

Jambo la pili ni rangi. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na bonde la Usangu, lisilo mbali kutoka hapo, hupata sehemu ndogo tu ya hiyo. Ukigawa rangi kwa hatua sawa kutoka sifuri hadi kilele cha Tukuyu, Usangu, Iringa na nusu ya Njombe zitakuwa rangi moja iliyofifia, na tofauti unayoitafiti itapotea. Gawa kwa madaraja yanayoongezeka: 10, 25, 50, 100, 200. Na madaraja hayo yawe yaleyale kwa miezi yote 12. Sasa hivi kila ramani yako inajipimia rangi zake, kwa hiyo nyekundu ya Julai huenda ni milimita 5, na nyekundu ya Machi ni 400. Mtu akizilinganisha atadanganyika, na kosa litakuwa letu.

```
norm = BoundaryNorm([0, 10, 25, 50, 100, 200, 400, 800], ncolors=256)

fig, axs = plt.subplots(4, 3, figsize=(5.7, 6.5),
                        sharex=True, sharey=True,
                        layout="constrained")
for ax, m, jina in zip(axs.flat, mfuatano, majina):
    picha = ax.pcolormesh(lon, lat, mvua[m], norm=norm, cmap="YlGnBu")
    ax.set_title(jina, fontsize=9)
fig.colorbar(picha, ax=axs, label="Mvua, mm kwa mwezi")
fig.savefig("mvua.png", dpi=300)
```

`mfuatano` ni orodha ya namba za miezi ukianzia Novemba, na `majina` ni majina yao kwa mpangilio huohuo. Zile `sharex` na `sharey` zinafanya namba za latitudo na longitudo zibaki kushoto na chini tu, mara 7 badala ya 24. Nusu ya msongamano wako ilikuwa hapo. `YlGnBu` inatoka rangi hafifu kwenda nzito bila kurudi nyuma, hivyo hata duka la steshenari likikuchapia kwa wino mweusi peke yake, mvua kubwa itabaki nyeusi kuliko ndogo. Ile ya upinde wa mvua uliyotumia, ikichapwa bila rangi, nyekundu na bluu zinakuwa kijivu kimoja.

Ukilazimisha ramani ziwe na uwiano halisi wa digrii kwa digrii, mianya itabaki kati yake. Badilisha neno moja, `layout="compressed"`, nayo itazisogeza karibu. Hiyo inahitaji Matplotlib toleo la 3.6 au jipya zaidi. Na achana na `bbox_inches="tight"` kwenye `savefig`. Inapunguza karatasi baada ya wewe kuipima, na upana wako wa 5.7 unakuwa kitu kingine kabisa.

Faili jeupe ni rahisi. Umeita `plt.show()` kwanza, ukafunga dirisha, kisha `plt.savefig()`. Ukifunga dirisha mchoro umeondoka nalo, na programu inakuhifadhia karatasi mpya isiyo na kitu. Hifadhi kwanza, onyesha baadaye.

Tuje kwenye video, na hapa nataka twende polepole, kwa sababu ndipo ulipoisingizia laptopu yako.

Kwenye ile kazi inayobadilisha mwezi umeandika upya kila kitu: ramani mpya, kichwa kipya, ufito mpya wa rangi. Kichwani mwako umefuta ubao ukachora tena. Matplotlib haikufuta chochote. Ramani ya Desemba imewekwa juu ya ya Novemba, ya Januari juu ya hizo mbili, zote bado ziko kwenye kumbukumbu. Huo ndio mrundikano niliokuahidi. Na ufito wa rangi, kama tulivyoona, unakata nafasi kwenye ramani: kwa kawaida asilimia 15, mbali na pengo lake. Mwezi wa kwanza unabaki na asilimia 85. Wa pili unakata asilimia 15 ya hiyo 85. Fuata hesabu hadi mwezi wa 12, ramani yako ina upana usiofika hata sehemu ya saba ya ule wa mwanzo. Ile kamba uliyoiona ni hesabu iliyotimia barabara.

Katuni nzuri ya kisayansi hujengwa kinyume chake. Unachora jukwaa mara moja: mihimili, ufito, madaraja ya rangi, mahali pa kichwa. Kisha kwenye kila fremu, yaani kila picha moja ya video, unagusa kile kinachobadilika kweli, na hapa ni vitu viwili tu, namba za mvua na jina la mwezi.

```
fig, ax = plt.subplots(figsize=(8, 4.5), layout="constrained")
picha = ax.pcolormesh(lon, lat, mvua[mfuatano[0]], norm=norm, cmap="YlGnBu")
fig.colorbar(picha, ax=ax, label="Mvua, mm kwa mwezi")
kichwa = ax.set_title(majina[0])

fig.canvas.draw()
fig.set_layout_engine("none")

def badili(i):
    picha.set_array(mvua[mfuatano[i]].ravel())
    kichwa.set_text(majina[i])

katuni = FuncAnimation(fig, badili, frames=np.repeat(np.arange(12), 10))
katuni.save("mvua.mp4", fps=10, dpi=160)
```

Mistari miwili ya katikati huenda imekushangaza. Nimetoka kukusifia mpangilio unaojipima kila unapochorwa, sasa nauzima. Kwenye karatasi tabia hiyo inakusaidia. Kwenye video inakutikisa. Siku utakapochora mstari wa mvua ya kila mwezi badala ya ramani, namba za mhimili zitatoka 80 hadi 400, herufi mbili zitakuwa tatu, programu itapima upya na kusogeza kisanduku kidogo kulia. Mtazamaji ataona grafu inaruka na atadhani ni mvua. Kwa hiyo iache ipime mara moja, kisha igandishe. Kwa grafu ya mstari fanya hivyohivyo kwa mipaka: weka `set_ylim` mwanzoni na usiiguse tena.

Kuhusu kasi. Usiposema kitu, kila fremu inakaa milisekunde 200, kwa hiyo mwaka mzima unapita kwa sekunde 2.4. Hakuna jicho litakalowahi. Kwenye msimbo huu kila mwezi umerudiwa mara 10, kwa mwendo wa fremu 10 kila sekunde, yaani sekunde moja kwa mwezi. Ungeweza kuandika `fps=1` ukapata mwendo uleule, ila vicheza video vingine havielewani vizuri na fremu moja kwa sekunde, na siku ya utetezi utatumia kompyuta isiyo yako. Inchi 8 kwa 4.5, kwa nukta 160 kila inchi, zinakupa nukta 1280 kwa 720, umbo linalojaa vizuri kwenye projekta.

Nimeona pia umeweka `blit=True` ili iende haraka. Iondoe. Inasaidia dirisha la kwenye skrini tu, wakati wa kuhifadhi faili haitumiki kabisa, na kwenye skrini ndiyo inayofanya jina la mwezi ligome kubadilika, kwa kuwa kichwa kiko nje ya kisanduku cha ramani. Na hilo jina `katuni =` lazima liwepo. Ukiita `FuncAnimation` bila kuishika kwa jina, Python inaiona haina mwenyewe, inaitupa, na dirisha linabaki limesimama mwezi wa kwanza.

MP4 inahitaji ffmpeg, programu ya kutengeneza video ambayo huwekwa kando na Python. Ikikushinda unaweza kutoa GIF, lakini GIF hubeba rangi 256 tu kwa fremu na faili huwa kubwa. Kwa madaraja saba ya rangi kama yako itavumilika.

Rafiki yako na MATLAB. Ni programu nzuri, na kwa upangaji wa michoro ina `tiledlayout` tangu toleo la 2019 inayofanya kazi safi. Mwanzilishi wa Matplotlib, John Hunter, alikuwa mtafiti wa ubongo aliyetaka kuchora mawimbi ya umeme ya wagonjwa wa kifafa. Aliitoa mwaka 2003 na kwa makusudi akaifanya ifanane na MATLAB. Ndiyo maana ukihamia huko utakutana na maamuzi yaleyale: upana wa karatasi, nani anachangia nafasi ya ufito, kipi kisisogee. Kama idara yako ina leseni na msimamizi wako anaitumia, mngeongea lugha moja, na hilo ni jambo la maana. Lakini kwa wiki tano, na msimbo unaofanya kazi karibu wote, nakushauri ubaki ulipo. Kwa ramani tupu za kuchapwa ningekusifia programu ya ramani ya GMT, waliyoianza Wessel na Smith mwaka 1988, na ningekuambia ujifunze ukishahitimu.

Na nikuambie kitu msimamizi wako anaweza asikipende. Ramani 12 kwenye ukurasa mmoja zinalinganisha miezi vizuri kuliko video. Kwenye ukurasa jicho linarudi Machi likaitazame tena. Kwenye video Machi imeshapita na unategemea kumbukumbu. Video inashinda kwenye jambo moja tu: kuonyesha mvua ikisogea, ikiachia Usangu mapema na kung'ang'ania upande wa Ziwa Nyasa. Kama hoja yako ni huko kusogea, itengeneze. Kama si hoja yako, mpe video fupi, na nguvu zako ziweke kwenye ukurasa.

Kuna mahali barua haitatosha. Ukiona kwenye data yako namba zilizo chini ya sifuri, kama -99 au -999, hizo ni alama za siku ambazo kituo hakikupima, na zimeingia kwenye wastani wako. Acha kuchora siku hiyohiyo, nenda na faili kwa aliyekupa data, na kama ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, waulize kituo kwa kituo. Kama ffmpeg inagoma kuingia kwenye laptopu, usipoteze siku tatu kwa simu. Nenda nayo maabara ya kompyuta ya chuo, ukae na mtu anayeona skrini yako, ukiwa na msimbo uliopunguzwa hadi mistari 15 tu inayoonyesha tatizo. Na madaraja ya rangi niliyokupa ni ya kuanzia. Mwonyeshe mtu wa kilimo, kituo cha utafiti cha Uyole wapo, akuambie milimita ngapi ndizo mpaka wa mkulima wa mahindi, kisha uyabadilishe yafuate mipaka hiyo.

Leo jioni chapa ukurasa mmoja tu, wa hizo ramani 12, pale utakapochapia tasnifu yenyewe. Uweke mezani, usimame hatua moja nyuma, uone kama unasoma neno "Novemba". Kama husomi, ongeza `fontsize` kwa pointi moja na uchape tena.